Kwa nini mchezo mmoja unakubali mashine hii na kuikataa ile? Jibu kwa mwenye chumba cha Play pale Katuba

Msomaji wetu mmoja ana chumba cha michezo ya video huko Katuba, hapa Lubumbashi. Ana televisheni tatu, mashine tatu za PlayStation 4, mabenchi mawili ya mbao, na vijana wasiopungua mlangoni masomo yakiisha. Ameniandikia hivi:

“Yaya, kila mechi ninalipisha franka 500. Nimeweka akiba ya mashine moja mpya. Ndugu mmoja wa Kasumbalesa ananipatia Xbox Series S, bei yake iko chini kuliko PlayStation 5. Lakini watoto wanauliza Spider-Man, na yule ndugu mwenyewe anasema ku Xbox hamna. Mwingine aliuliza Mario, nikamwambia ile ni ya Nintendo tu. Juu ya nini mchezo ukubali ku mashine hii na ukatae ku ile, na sisi wote tunatoa pesa ile ile? Na habari ya kusema Xbox sasa inapeleka michezo yake ku PlayStation, ni ya kweli? Vita yao imeisha?”

Mdogo wangu, swali lako liliwakalisha mawakili wa Microsoft, wenye Xbox, na wa serikali ya Marekani mbele ya jaji mmoja wa San Francisco mwezi Juni 2023. Nitakujibu kwa kirefu. Ukielewa kwa nini kufuli hilo la kuufungia mchezo kwenye mashine moja liliwekwa, utajua pia nani analipa gharama yake, na akiba yako hutaitupa mahali pasipofaa.

Tuanzie kwenye baa. Pita jioni katika baa yoyote ya mtaa wa Kenya au Kamalondo hapa Lubumbashi, utaona viti vya plastiki vya rangi moja, vyote vina nembo ya kampuni moja ya bia. Meza ni hivyo hivyo, friji hivyo hivyo, mara nyingine hata ukuta wa nje umepakwa rangi ile ile. Mwenye baa hakununua vitu hivyo. Alipewa, na yeye akakubali kwamba bia ya mpinzani haitaingia mle ndani. Kampuni haitafuti faida kwenye kiti. Inajua kwamba mtu akishaketi, michopo (nyama ya kuchoma) ikaletwa na pilipili pembeni, kiu itafanya kazi iliyobaki.

Mashine ya kuchezea ndiyo kiti hicho. Mwezi Mei 2021, katika kesi ya Epic, wenye mchezo wa Fortnite, na Apple, Lori Wright wa Microsoft aliapa mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Pesa iko mbele, kwenye duka la michezo. Mchezo unaouzwa dola 70 kwenye duka la mtandaoni la mashine humwachia mwenye mashine asilimia 30, yaani dola 21, hata kama hakuandika mstari mmoja wa mchezo huo. Mpira wa kampuni ya EA ukiuzwa kwenye PlayStation, Sony inakula. Nguo ya mchezaji ikinunuliwa ndani ya Fortnite kupitia Xbox, Microsoft inakula. Mtu akishanunua mashine, atanunua humo kwa miaka sita au saba, kwa sababu hatakwenda kununua mashine ya pili hivi hivi, na marafiki zake anaocheza nao wako humo.

Sasa utaona kwa nini kampuni hukubali kupoteza wateja wa mchezo mmoja. Sony ingeuza Spider-Man kwenye Xbox, ingepata pesa leo, hakuna ubishi. Lakini yule kijana aliyeshawishika kununua PlayStation kwa ajili ya Spider-Man hataondoka na diski hiyo moja. Atanunua mpira kila Septemba, atalipia usajili wa kucheza mtandaoni, na kila mara kijisehemu kitabaki kwa Sony. Spider-Man amemketisha kitini.

Kufuli zenyewe haziko za namna moja, na watu huzichanganya. Mfikirie mchezaji wa Mazembe. Yuko yule aliyelelewa katika akademia ya klabu tangu utotoni. Huyo ni mtoto wa nyumba. Ndivyo Mario alivyo kwa Nintendo, na ndivyo ilivyo michezo ya studio ambazo Sony inazimiliki. Yuko mwingine aliyekuja kwa mkopo wa msimu mmoja au miwili: Grand Theft Auto III ilitoka mwaka 2001 kwenye PlayStation 2, Sony ikiwa imefanya mapatano na wenye mchezo, na wenye Xbox walisubiri hadi 2003. Halafu kuna wa tatu, ambaye watu humsahau. Ni yule ambaye asingecheza mpira kabisa kama mtu fulani asingemlipia. Bayonetta 2 ilikosa mdhamini, Nintendo ikatoa pesa, mchezo ukatoka mwaka 2014 kwenye Wii U. Mashabiki waliochezea ya kwanza kwenye PlayStation na Xbox walikasirika sana. Lakini bila pesa ile, hasira yao ingekuwa juu ya mchezo ambao haupo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mchezo wa kipekee, yaani ule wa mashine moja tu, ni wizi, humwuliza kwanza: upi kati ya hao watatu? Wa kwanza na wa tatu siwalaumu. Wa mkopo ndiye anayenitia shaka, kwa sababu pale pesa haikutumika kuunda kitu. Ilitumika kumzuia jirani asikipate.

Aliyefundisha dunia mchezo huu wa kufuli ni Nintendo, na habari yake inastahili tukae nayo kidogo. Mashine yake ya Famicom ilitoka Japani mwaka 1983, na ile ya soko la Marekani, NES, ikafuata mwaka 1985. Ndani ya NES kulikuwa na chipu, na ndani ya kila kaseti kulikuwa na chipu mwenzake. Ukiwasha, chipu hizi mbili zinasalimiana kama walinzi wenye neno la siri. Kaseti isiyo na chipu ya Nintendo haikubaliki, skrini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Chipu hiyo ndiyo iliyowapa nguvu ya kuandika mikataba migumu. Kampuni ya kutengeneza michezo iliruhusiwa kutoa michezo mitano tu kwa mwaka. Kaseti zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, na mwenye mchezo alizilipia mapema, ziuzwe zisiuzwe. Na mchezo ukitoka kwenye NES, kwa miaka miwili usionekane kwenye mashine nyingine.

Pima uzito wa miaka miwili katika biashara hii. Mchezo huuzwa zaidi wiki za mwanzo. Baada ya miaka miwili, unachompelekea mpinzani ni bukari (ugali) lililolala. Sega, mpinzani wa Nintendo, alikuwa na mashine nzuri, lakini wapishi wote wazuri walikuwa wamefungwa jikoni kwa jirani. Konami, kwa upande wake, ilipoona michezo mitano haitoshi, ilifungua jina la pili, Ultra Games, ili ipate mitano mingine. Ni ujanja ambao mfanyabiashara yeyote wa hapa angeutambua mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kesi na macho ya serikali ya Marekani yakiwa juu yake, Nintendo ikaliachia lile sharti la miaka miwili.

Sega ilijibu kwa njia iliyobaki, yaani kuzaa mtoto wake mwenyewe. Sonic alitoka mwaka 1991, na huko Marekani akawekwa ndani ya boksi la mashine, mahali pa mchezo wa zamani uliokuwa ukitolewa nayo. Mtu akinunua mashine, Sonic yumo tayari. Kwa miaka michache Nintendo haikulala vizuri.

Kisha ikaja PlayStation, Desemba 1994 kule Japani, na hapa kuna somo ambalo wanafunzi wangu hulipenda kwa sababu halina hila ndani yake. Michezo sita mikuu ya Final Fantasy ilikuwa imetoka kwenye mashine za Nintendo. Ya saba, mwaka 1997, ikahamia kwa Sony. Nintendo 64 ilikuwa bado inatumia kaseti, na kaseti yake kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64. Diski ya CD ilibeba takriban mara kumi ya hapo, tena kuichapisha ni rahisi na ni haraka. Final Fantasy VII ilijaza diski tatu. Hata kama Nintendo ingeleta gunia la pesa, mchezo ule usingeingia kwenye kaseti. Kumbe wakati mwingine kufuli ni la vifaa tu. Nani amechagua chuma gani, na chuma hicho kinawagharimu nini waandishi wa michezo.

Wakubwa wa mitaa yetu mnazikumbuka diski hizo. Mimi nilikuwa mtoto Kamalondo, na diski ikikwaruzika tuliipaka dawa ya meno kwa kidole, taratibu, kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha tunaifuta kwa kitambaa cha pamba na kuomba Mungu. Kadi ya kumbukumbu tuliizungusha nyumba kwa nyumba. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mchezo tuliokuwa tunauombea ulikuwa umebadilisha mshindi wa soko zima.

Tuje kwa Microsoft, maana hapo ndipo jibu la swali lako linapokomaa. Mwaka 1999, kwenye jukwaa la maonyesho ya Macworld, Steve Jobs aliwaonyesha watu mchezo mpya wa studio iitwayo Bungie, uliotarajiwa kutoka kwenye kompyuta za Apple. Mchezo huo ni Halo. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Bungie nzima, na Novemba 2001 Halo ikatoka siku moja na Xbox ya kwanza. Microsoft haikuwa na jina lolote kwa wacheza michezo wa mashine za televisheni. PlayStation 2 ilikuwa imetangulia zaidi ya mwaka mzima, na hatimaye iliuza zaidi ya mashine milioni 150. Bila Halo, nani angenunua lile boksi zito jeusi la kampuni ya Windows?

Mchumi Robin Lee aliipima vita ile ya PlayStation 2, Xbox na GameCube ya Nintendo, miaka ya 2000 hadi 2005, na kazi yake ikachapishwa mwaka 2013. Matokeo yake yana pande mbili, na watu wengi hubeba upande mmoja tu. Upande wa kwanza: kama michezo ya kipekee ingekatazwa, mnunuzi angefaidika, kwa kuwa angepata michezo mingi zaidi kwenye mashine yoyote aliyonayo. Upande wa pili: aliyesaidiwa na michezo ya kipekee ni wale wageni wadogo, Xbox na GameCube. Mkubwa, PlayStation 2, hakuwa na haja nayo sana, maana watengenezaji walikuwa wanamfuata wenyewe kwa wingi wa wateja wake. Kufuli zingevunjwa zote, mkubwa angezidi kuwa mkubwa.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kufuli la mgeni na kufuli la mwenye nyumba havina uzito mmoja, hata kama mkataba umeandikwa kwa maneno yale yale. Mgeni analitumia kupenya mlangoni. Mwenye nyumba, ambaye tayari ana wateja wote, akilitumia anauziba mlango. NES ya miaka ya 1980 na Xbox ya 2001 zote zilikuwa na michezo ya kipekee, lakini ya kwanza ilimnyima Sega hewa, na ya pili ilileta mshindani sokoni. Anayetaka sheria moja ya kuhukumu zote mbili atamwumiza mtu asiye na kosa.

Ndiyo maana kesi ya 2023 ilikuwa ngumu. Microsoft ilitangaza Januari 2022 kwamba itainunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Ilikuwa imeshalipa bilioni 7.5 kwa ZeniMax, wenye studio za Bethesda, ununuzi uliokamilika Machi 2021, na ilikuwa imeshasema kwamba Starfield ya Bethesda, iliyotoka Septemba 2023, haitakuwemo kwenye PlayStation. Sony ikasema: ona, kesho Call of Duty nayo itafungiwa. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia. Microsoft ikajitetea kwamba iko nyuma ya Sony na Nintendo, yaani bado ni mgeni. Mkuu wake, Satya Nadella, aliiambia mahakama kwamba ingekuwa shauri lake angeifuta michezo ya kipekee yote, ila aliyetangulia sokoni ndiye aliyeweka desturi hiyo. Mwezi Julai jaji alikataa kuuzuia ununuzi. Microsoft ikasaini na Sony mkataba wa miaka kumi wa Call of Duty, baada ya kukubaliana vivyo hivyo na Nintendo, na Oktoba 2023 ununuzi ukakamilika.

Katika kesi ile lilitokea jambo dogo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko hukumu. Sony ilipeleka hati yenye siri za biashara, na mtu akazifuta namba kwa kalamu nyeusi, kwa mkono, kisha karatasi ikapigwa picha. Wino haukukolea. Ukiitazama picha kwa makini, namba zinasomeka chini ya weusi. The Last of Us Part II, mchezo wa Sony, iligharimu takriban dola milioni 220. Horizon Forbidden West, milioni 212, kazi ya miaka mitano. Hiyo ni kabla ya matangazo.

Chukua namba hizo uzifanyie hesabu ya dukani. Mchezo wa dola 70, ukitoa fungu la muuzaji, unahitaji kuuzwa mamilioni kadhaa ili tu kurudisha pesa. Zamani mchezo ulifungiwa kwa gharama ndogo. Leo kumfungia nje mwenye Xbox au mwenye kompyuta ni kumkataa mteja mwenye pesa mkononi, na wewe una deni la milioni 220. Hili ndilo linalozilegeza kufuli unazosikia habari zake. Huruma haimo.

Lakini hazilegei kwa wote sawa, kwa sababu kila mmoja anakula kwenye sahani yake. Microsoft inakula zaidi kwenye michezo yenyewe na usajili wa mwezi wa Game Pass, ulioanza 2017. Mashine zake zimeuzwa kidogo kuliko za Sony, na tangu 2015 haitangazi hata idadi. Baada ya kununua studio zote zile, imekuwa mmoja wa wachapishaji wakubwa wa michezo duniani, na mchapishaji hutaka duka la kila mtaa. Kwa hiyo ndiyo, habari uliyosikia ni ya kweli. Februari 2024 ilianza na michezo minne, Sea of Thieves ikiwemo. Forza Horizon 5 ikafika PlayStation 5 mwezi Aprili 2025. Na Oktoba 2025 ikatangaza kwamba Halo, mtoto yule yule aliyeingiza Xbox duniani, atatoka kwenye PlayStation 5 mwaka 2026 katika sura mpya. Niliposoma habari hiyo nilisimama kwanza. Ni kama kampuni ya bia iruhusu bia yake iuzwe katika baa ya mpinzani, kwenye viti vya mpinzani, na mpinzani achukue mgao wake.

Sony inakula kwenye ule mgao wa asilimia 30, kwa hiyo bado inataka uketi kwake kwanza. Inachofanya ni kuuza michezo ya hadithi kwenye PlayStation, inangoja, kisha inaipeleka kwenye kompyuta. Horizon ya kwanza ilitoka kwenye PlayStation mwaka 2017, kompyuta ikaipata Agosti 2020. Michezo inayoishi kwa wingi wa wachezaji mtandaoni haingojeshwi hivyo: Helldivers 2 ilitoka PlayStation 5 na kompyuta siku moja, Februari 2024, na mwaka uliofuata ikafika Xbox. Mchezo wa namna hiyo ukiufungia, unaunyima watu, na bila watu hauna uhai.

Nintendo peke yake haipeleki michezo yake kwenye mashine za wapinzani. Yeye hupata faida kwenye mashine na kwenye michezo yake mwenyewe, na michezo hiyo haizeeki. Mario Kart 8 Deluxe ya Switch ilitoka 2017 na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 60. Mwezi Juni 2025 alipotoa Switch 2 pamoja na Mario Kart mpya, mashine zaidi ya milioni 3.5 ziliondoka kwa siku nne. Mtu mwenye mtoto kama huyo ana sababu gani ya kumkopesha jirani?

Basi vita haijaisha. Wawili wanapigana kwa silaha mpya, wa tatu anashikilia ile ya zamani na inamfaa.

Kuna kufuli la mwisho la kukueleza, na hili linakugusa kuliko Spider-Man. Niliwahi kukaa Jumamosi nzima mchana katika chumba kama chako, nikiangalia tu. Mpira, mpira, mpira, Mortal Kombat kidogo, kisha mpira. Mpira wa video hauko chini ya mashine yoyote. EA inauza kwenye zote, Konami kwenye PlayStation na Xbox pia. Vita yao iko kwenye majina. Mwaka 2019 Konami ilichukua haki za kipekee za Juventus, na kwenye FIFA 20 ya EA timu ya Cristiano Ronaldo ikaitwa Piemonte Calcio, nembo haipo, jezi ya kubuni. Wachezaji ni wale wale, sura zao zile zile, ila jina hapana. Hata FIFA 22 bado ilikuwa hivyo. Mteja wako anayetaka Juve yake na kukuta Piemonte alikuwa ameguswa na mkataba wa kipekee bila kubadilisha mashine.

Kwa hiyo angalia chumba chako kinakula wapi. Michezo mingi ya kipekee ya Sony ni hadithi ya mtu mmoja. Inachezwa saa 20 au 30, mtu peke yake, hakuna kufungana, hakuna kumpisha mwenzako. Wewe unauza mechi. Kijana mmoja akishika maneti (kifaa cha mkononi cha kuchezea) saa nzima akimrusha Spider-Man juu ya maghorofa, benchi zima linasubiri, na pesa haiingii. Tena, kwa wanaomtaka kweli, huna haja ya mashine mpya: Spider-Man ya 2018 na ile ya Miles Morales ya 2020 zote zina diski za PS4. Ni ya pili rasmi, ya 2023, ndiyo inayodai PS5. Tafuta diski iliyotumika, weka mashine moja kwa saa za asubuhi ambapo hakuna watu, na ulipishe kwa muda, si kwa mechi.

Mchezo wa kipekee ambao ungeingiza pesa Katuba ni ule uliomwambia mtoto kuwa hamna, wa Nintendo. Mario Kart huchezwa na watu wanne kwenye televisheni moja, raundi inaisha kwa dakika chache, na aliyeshindwa anadai kurudia. Ubaya wake ni kwamba kaseti za Nintendo hazishuki bei, na huku kwetu ni chache. Ukipata Switch ya kwanza iliyotumika, na mtaani kwako hakuna mwenye nayo, hiyo ni bahati ya kufikiriwa.

Kuhusu Series S ya yule ndugu wa Kasumbalesa: usiinunue kwa ajili ya chumba. Haina mlango wa diski. Kila mchezo utapakuliwa kwa intaneti, makumi ya gigabaiti, na diski zako zote za PS4 zitakuwa mapambo. Huko mtandaoni kwenyewe tuko pembeni. Kongo haimo katika orodha ya nchi zenye huduma ya PlayStation, na mwaka 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, mchezo uliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Wengi wetu tunaishi kwa akaunti zenye anwani za nchi za watu. Ndiyo maana kwa biashara yako diski ni usalama: haikuulizi unakaa wapi.

PlayStation 5 yenye mlango wa diski inasoma diski nyingi sana za PS4, na kwa michezo hiyo ya PS4 hata maneti zako za sasa zitafanya kazi juu yake. Kwa michezo ya PS5 yenyewe utahitaji maneti mpya. Angalia vizuri ile nyembamba ya karibuni, ambayo mlango wa diski unatoka na kurudishwa: ukifungwa mara ya kwanza unadai intaneti ili mashine iutambue. Kwa hiyo usikubali kuambiwa “utaufunga mwenyewe nyumbani”. Nenda na diski yako ya mpira mfukoni, mwambie auwashe mbele yako, ingiza diski, na usitoe pesa mpaka uone timu mbili zimesimama katikati ya uwanja.